Maranda

Nimefika Uyole alfajiri, Julai,
umande umeganda juu ya majani ya viazi, mweupe kama chumvi.
Mwasaga ananingoja na chai ya maziwa, funguo kidoleni.
"Dada Veneranda, hii haijawashwa tangu juzi. Ilikungoja wewe."
Napenyeza kiganja chini ya tumbo la gari.
Vuguvugu.
Kama kitanda cha mtu aliyetoroka punde.

Sisemi kitu.
Rangi ya bluu imepakwa hadi juu ya kutu,
matairi yamepigwa kiwi kama viatu vya bwana harusi.
Mimi sikuja kuolewa.
Nimekuja kutafuta kichwa cha kuvuta tela la mbao
kutoka Mafinga kwenda Dar, na katikati ya njia hiyo
kuna Kitonga,
na Kitonga haiulizi rangi.

Nawasha. Nakanyaga klachi: kimya.
Naiachia: kimya.
Hakuna beringi inayolia, hakuna jino linalosaga jino.
Giaboksi ya gari la miaka ishirini na mbili
imetulia kama mtoto aliyekula kitu alichokatazwa.
Kimya hicho ndicho kilichonitia shaka.
Chuma kilichofanya kazi huwa na la kusema;
hata magoti yangu hunung'unika nikipanda ngazi za benki.

Namwambia, twende Mlima Nyoka.
Anasema mafuta ni kidogo. Nanunua mafuta.
Anasema kuna trafiki. Trafiki ni binamu yangu, nadanganya.

Gia ya nne. Nakanyaga moto, naondoa mguu ghafla.
Mkono wangu uko karibu na kirungu cha gia bila kukigusa,
kama unavyokaa karibu na mtoto anayejifunza kusimama.
Mara ya kwanza imekaa.
Ya pili imekaa.
Ya tatu, kwenye mteremko, kirungu kinaruka chenyewe:
tak.
Frii.
Mwasaga anakohoa. "Ni barabara hiyo."

Tak. Ndivyo alivyosimulia utingo,
yule aliyeruka kabla ya kona.
Kaka yangu Otmari hakuruka. Alikuwa bado anaitafuta gia,
tani thelathini za mbao zikimsukuma mgongoni.
Mbao zilikuwa zangu.

Tumerudi. Naomba spana.
Nafungua nati ya chini, nakinga kwa kikombe kile kile cha chai.
Oili inashuka nzito, kwa uvivu, kama uji wa ulezi.
Naisugua kati ya vidole: ina nyuzinyuzi.
Nainusa.

Paini.

Miaka kumi na tisa nimeamka na harufu hiyo nyuma ya nyumba.
Naijua mbichi, naijua kavu, naijua iliyonyeshewa.
Mtu amekoroga maranda kwenye oili
ili meno yaliyokwisha yatafune polepole, yasisikike,
mpaka mnunuzi avuke Makambako.

Na huenda ni ya kwangu.
Gunia nalitoa kwa elfu moja, wafuga kuku hulifuata hadi huku.
Sijawahi kumuuliza mtu anakwenda nalo wapi.

Mwasaga anashusha milioni nne bila kuombwa.
Nakiri: hesabu inaingia. Giaboksi nyingine ya mtumba, fundi, oili safi,
na bado ningebaki na chenji ya tairi mbili.
Nikikataa, kesho atakuja mwingine
asiyejua harufu ya mbao.

"Ishushe hapa hapa," namwambia, "nikiwa naangalia."
Nakaa juu ya tofali. Chai imepoa, na ina oili.
Saa saba mchana imelala juu ya gunia, imefunuliwa,
meno yamelika, mawili hayapo kabisa,
na katikati yake, yamelowa, yamelala kama kwenye kiota,
maranda.

Kichwa kiko Mafinga sasa. Kina kelele zake za halali.
Na mtu akija na gunia tupu nyuma ya nyumba,
kabla sijashika koleo, namuuliza:
kuku wangapi?